Giaboksi ya Badala Katika Gari Dogo la Zamani: Somo la Fizikia Kutoka Miteremko ya Kilimanjaro

Msafiri atokaye Himo kwenda Marangu hupanda kimo kikubwa kwa muda mfupi. Himo iko kwenye tambarare, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu la Hifadhi ya Kilimanjaro liko juu ya mita 1,800, na barabara iunganishayo mahali hapo pawili haizidi kilomita 20. Mahindi ya tambarare huachwa nyuma, migomba na mikahawa ikaanza, hewa ikapoa. Wakati huo huo injini ya gari hubadili sauti. Dereva hukanyaga klachi, akavuta mkono wa gia, na gari lililokuwa karibu kusimama likapata nguvu mpya. Abiria wengi hawalioni jambo hilo kuwa la ajabu. Hata hivyo injini haikuongezewa kitu chochote: petroli ni ile ile na silinda ni zile zile. Kilichobadilika ni magurudumu machache yenye meno, yaliyomo ndani ya kasha la alumini chini ya sakafu ya gari. Kasha hilo ndilo giaboksi.

Giaboksi ya gari linalopanda na kushuka mlima kila siku huchakaa mapema kuliko ya gari la tambarare. Inapofika mwisho wake, mara nyingi mwenye gari hanunui mpya, bali hutafuta nyingine iliyotolewa katika gari jingine, na fundi huifunga mahali pa ile ya kwanza. Kazi hii hufanyika katika gereji nyingi za Moshi, chini ya paa la mabati au chini ya mwembe. Ikifanywa vizuri, gari la zamani hurudi barabarani kwa miaka mingi. Ikifanywa vibaya, hasara yake haiishii kwenye fedha, kwa sababu giaboksi ni sehemu pia ya usalama wa gari lishukapo mlima. Makala haya yanaeleza kanuni za kisayansi zilizomo katika kazi hiyo, hatua kwa hatua.

Kazi ya giaboksi

Mkulima anayeng'oa jiwe shambani kwa mtaimbo hutumia wenzo. Mkono wake husafiri umbali mrefu kwa kani ndogo, na ncha ya mtaimbo husafiri umbali mfupi kwa kani kubwa. Magurudumu yenye meno ni wenzo uzungukao. Gurudumu lenye meno 15 likizungusha lenye meno 45, la kwanza lazima lizunguke mara 3 ili la pili lizunguke mara 1. Lakini nguvu ya mzunguko katika gurudumu la pili huwa mara 3 ya ile ya kwanza, ukiacha kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano. Kilichoongezeka katika nguvu ya mzunguko kimepungua katika mwendo. Nguvu ya mzunguko ni kani ikizidishwa kwa umbali wake kutoka katikati ya mhimili, nayo hupimwa kwa nyutoni-mita.

Injini ya petroli haiwezi kufanya kazi yote peke yake, kwa kuwa nguvu yake ya mzunguko hubadilika kidogo tu, na ikizungushwa polepole mno huzima. Barabara, kwa upande wake, hudai kani ndogo kwenye tambarare na kani kubwa sana mlimani. Giaboksi husimama kati ya pande hizo mbili kama mpatanishi.

Ichukuliwe kwa mfano Toyota Corolla ya mfululizo wa E70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1979. Ni gari dogo lenye injini mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Aina mojawapo ina injini iitwayo 4K, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,290, na giaboksi iitwayo K50 yenye gia 5 za mbele. Uwiano wa gia hizo ni 3.789 kwa gia ya kwanza, 2.220 kwa ya pili, 1.435 kwa ya tatu, 1.000 kwa ya nne, na 0.865 kwa ya tano. Maana yake ni kwamba katika gia ya kwanza injini huzunguka karibu mara 3.8 ili shafti itokayo nyuma ya giaboksi izunguke mara 1. Katika gia ya tano shafti hiyo huzunguka haraka kuliko injini yenyewe. Baada ya hapo propela hupeleka mzunguko kwenye difu, ambayo huupunguza tena kwa kiasi cha mara 4 kabla haujafika kwenye magurudumu.

Ndani ya giaboksi ya namna hii magurudumu ya gia za mbele hushikana meno wakati wote. Dereva habadilishi magurudumu. Hufunga moja kwenye shafti na kuliacha jingine lizunguke bure. Ili kufunga kusiwe na kishindo, pete ya shaba iitwayo sinkronaiza husuguana na gurudumu kwanza mpaka mwendo wa pande mbili ulingane. Ubunifu huo uliingia katika magari ya kawaida ya barabarani mwaka 1928, katika gari la Cadillac la Marekani. Kabla ya hapo dereva alihitaji ustadi mkubwa wa sikio na mguu ili meno yaingiane bila kulia.

Hesabu ya mlima

Mwanafunzi wa sekondari aweza kukadiria kwa kalamu na karatasi ni gia ipi itakayolipandisha gari mlima. Ichukuliwe kuwa gari na abiria wake wana kilo 1,200, na kwamba barabara hupanda mita 1 kwa kila mita 6 za urefu wake, kama zilivyo baadhi ya njia za vijijini zinazopanda kati ya migomba. Uzito wa gari ni 1,200 mara 9.8, yaani nyutoni 11,760. Sehemu ya uzito huo inayolivuta gari nyuma ni moja ya sita, yaani nyutoni 1,960. Barabara ya udongo huongeza ukinzani wa matairi; ukichukuliwa kuwa nyutoni 300, jumla huwa nyutoni 2,260.

Kani hiyo lazima itolewe mahali tairi inapogusa ardhi. Ikiwa kutoka katikati ya gurudumu hadi ardhini ni mita 0.28, nguvu ya mzunguko inayohitajika kwenye magurudumu ni 2,260 mara 0.28, yaani nyutoni-mita 633. Difu ikizidisha mara 4, shafti ya giaboksi inadaiwa nyutoni-mita 158.

Sasa itazamwe injini. Ichukuliwe kuwa pwani hutoa nyutoni-mita 95 kwa wingi wake. Lakini kwenye kimo cha mita 1,500 hewa ni nyepesi, na injini isiyo na pampu ya kusukuma hewa hupata hewa pungufu kwa kila pumzi yake. Hubakiwa na takribani asilimia 85 ya nguvu yake, yaani kama nyutoni-mita 81. Moja ya kumi ya nguvu hiyo hupotea njiani kwa msuguano wa gia na difu, zikabaki 73. Katika gia ya nne shafti hupata 73, ambazo hazitoshi. Katika gia ya tatu hupata 105, nazo hazitoshi. Katika gia ya pili hupata 162, ambazo zazidi 158 kwa kiasi kidogo mno. Shimo moja barabarani au abiria mmoja wa ziada huimaliza tofauti hiyo. Katika gia ya kwanza hupata 277, na gari hupanda bila taabu.

Hesabu hii yaeleza kwa nini madereva wa milimani hushindia gia ya kwanza na ya pili, na kwa nini gia hizo mbili ndizo zinazochakaa kwanza. Yaeleza pia kwa nini gia ya tano haina kazi Marangu wala Kibosho, lakini ina faida kwenye barabara ya Moshi hadi Arusha. Gurudumu la gari hili lina mzingo wa karibu mita 1.76. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, injini huzunguka kama mara 3,030 kwa dakika katika gia ya nne, na kama mara 2,620 tu katika gia ya tano.

Kushuka ni kazi pia

Watu wengi hudhani kwamba mlima hulitesa gari lipandapo tu. Gari lile lile la kilo 1,200 likishuka mita 900 za kimo, nishati inayotoka ni 1,200 mara 9.8 mara 900, yaani karibu jouli milioni 10.6. Nishati hiyo yatosha kupasha lita 30 za maji kutoka nyuzi 15 hadi kukaribia kuchemka. Ikiachiwa breki peke yake, joto lote hilo huingia kwenye vyuma na vitambaa vya breki katika muda mfupi. Breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza mshiko wake, na mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu huweza kuchemka, pedali ikazama bila matokeo.

Ndiyo sababu dereva mwangalifu hushuka kwa gia ndogo. Mguu ukitolewa kwenye petroli, injini huwa mzigo: hulazimika kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa na kushinda msuguano wake yenyewe. Mzigo huo ukizidishwa na uwiano wa gia ya pili huwa mkubwa kuliko ukipitia gia ya nne, na sehemu kubwa ya nishati hupotelea ndani ya injini badala ya kwenye breki.

Hapa ndipo giaboksi mbovu inapokuwa hatari. Ugonjwa mmoja wa giaboksi iliyochakaa ni gia kuruka: mkono wa gia hurudi wenyewe katikati, na injini ikatengana na magurudumu. Katika kushuka tendo hilo huiondoa breki ya injini ghafla, na mzigo wote huangukia breki za magurudumu. Basi fundi achaguaye na kufunga giaboksi ya badala anashughulika na uhai wa abiria sawasawa na yule anayetengeneza breki.

Kuchagua giaboksi ya badala

Giaboksi iliyotumika haiwezi kuonekana ndani bila kufunguliwa, lakini yaweza kuhojiwa. Kwanza hulinganishwa na ile ya zamani zikiwa zimelazwa pamoja: urefu wa kasha, matundu ya bolti, mahali pa mpira wa kuegemea, urefu wa shafti ya mbele, na idadi ya meno marefu yaliyochongwa juu yake, ambayo lazima yaingie kwenye kitovu cha pleti ya klachi. Magari mawili ya jina moja huweza kuwa na giaboksi tofauti. Ikiwa ile ya gia 5 ni ndefu kuliko ya gia 4 iliyokuwapo, propela na boriti ya kuegemea hazitalingana. Ni heri jambo hilo ligunduliwe kwa futi ya kupimia kabla ya malipo kuliko kugunduliwa chini ya gari.

Pili, uwiano wa gia hupimwa kwa kuhesabu. Alama ya chaki huwekwa kwenye shafti ya mbele na nyingine kwenye shafti ya nyuma. Gia ya kwanza huingizwa, kisha shafti ya mbele huzungushwa kwa mkono mpaka ile ya nyuma itimize mizunguko 10. Giaboksi ya mfano wetu itadai karibu mizunguko 38 katika gia ya kwanza na karibu 22 katika ya pili. Kila gia hujaribiwa hivyo, pamoja na ya kurudi nyuma. Zoezi hili hufichua pia gia isiyoingia, beringi inayokwaruza, na shafti yenye mchezo mkubwa.

Tatu, oili iliyobaki ndani huchunguzwa. Vumbi jembamba la chuma kwenye sumaku ya kizibo ni jambo la kawaida, lakini vipande vinavyohisika kwa vidole ni vipande vya meno au vya beringi. Chembe nyingi za rangi ya dhahabu hutoka kwenye pete za sinkronaiza, nazo huonyesha kwamba pete zimekwisha.

Kuitoa ya zamani

Gari huwekwa mahali pa sawa, magurudumu yanayobaki chini huzuiwa kwa kabari, na waya wa betri hutolewa. Kisha gari huinuliwa na kuegemezwa juu ya stendi imara za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Jeki ya mafuta hushikilia mzigo kwa pete ndogo ya mpira, na pete hiyo ikikubali kuvuja, kilo mia kadhaa hushuka juu ya kifua cha aliye chini. Tofali la saruji nalo halifai, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Hakuna kazi ya haraka kiasi cha kuhalalisha kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Oili humwagwa kwanza, kwa sababu propela ikichomolewa tundu la nyuma hubaki wazi. Kabla ya kufungua bolti za propela kwenye difu, mstari hupigwa kwenye vipande vyote viwili vikutanapo. Propela husawazishwa kiwandani, na ikirudishwa kwa kugeuzwa huenda ikatikisa gari katika mwendo mkubwa. Baadaye hufunguliwa waya wa spidomita, waya wa taa ya kurudi nyuma, kiungo cha klachi, mkono wa gia, stata, na kishikio cha ekzosi. Injini huegemezwa kwa jeki na kipande cha ubao chini ya sampu, ili isilale nyuma boriti ikiondolewa. Mwisho bolti zinazoishika giaboksi kwenye injini hutolewa, na giaboksi huvutwa nyuma kwa kunyooka mpaka shafti yake itoke kabisa kwenye klachi.

Nafasi iliyopatikana haipaswi kupotezwa. Pleti ya klachi, presha pleti, beringi ya klachi, na sili ya oili iliyoko nyuma ya injini huonekana wakati huu tu. Kila kimoja kikija kuharibika baada ya miezi michache, kazi yote iliyokwisha kufanywa itabidi ifanywe upya. Hali kadhalika sili ya nyuma ya giaboksi ya badala hubadilishwa ikiwa bado iko mezani.

Kuweka klachi katikati

Pleti ya klachi hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Haishikwi na bolti yoyote, hubanwa tu. Shafti ya giaboksi lazima ipite kwenye kitovu cha pleti hiyo, kisha ncha yake iingie katika beringi ndogo iliyomo katikati ya mwisho wa krenki. Ikiwa pleti imebanwa ikiwa imeshuka hata kwa milimita chache, shafti haitaona tundu, na hakuna nguvu za mikono zitakazosaidia.

Fundi mwenye shafti kuukuu ya mbele huitumia kama kiongozi. Asiye nayo huchonga kijiti cha mbao ngumu, ncha yake ikitosha katika beringi ndogo na kiwiliwili chake kikijaza kitovu cha pleti. Kiongozi kikiwa mahali pake, bolti za presha pleti hukazwa kidogo kidogo kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi ule unaoelekeana nao, ili pleti ibanwe sawasawa. Kiongozi kikitoka na kuingia bila kukwama, pleti iko katikati. Grisi hupakwa nyembamba mno kwenye meno ya shafti. Grisi nyingi hurushwa na mzunguko mpaka kwenye kitambaa cha klachi, na klachi iliyopata grisi huteleza mlimani, mahali inapohitajika zaidi.

Kuipandisha giaboksi

Giaboksi ya gari dogo si nyepesi: uzito wake hulingana na nusu ya mfuko wa saruji au huzidi hapo. Hatari kubwa ya hatua hii ni kuiacha ining'inie kwenye shafti yake ikiwa imeingia nusu. Kilo 30 zikielemea mita 0.3 nyuma ya pleti huleta nguvu ya kupinda ya nyutoni-mita 88. Pleti ni bati jembamba. Hupinda kimya kimya, na dalili huja baadaye, klachi isipoachia vizuri na gia zikilia wakati wa kuingia. Kwa hiyo giaboksi hulazwa juu ya jeki yenye kitako kipana, ikafungwa kwa kamba au mkanda, na mtu wa pili huiongoza.

Kupanga injini na giaboksi katika mstari mmoja ni jiometri tupu. Nyuso mbili zikikaribia kukutana, upana wa mwanya kati yake hupimwa juu, chini, kushoto na kulia. Ichukuliwe kuwa uso wa giaboksi una kipenyo cha milimita 300, na mwanya wa juu ni mpana kuliko wa chini kwa milimita 3. Mwinamo wake ni 3 kwa 300, yaani 1 kwa 100. Ncha ya shafti, iliyo milimita 200 mbele ya uso huo, itakuwa imepotoka kwa milimita 2, na haitaingia katika beringi yake. Mwanya wa juu ukiwa mpana, mkia wa giaboksi uko chini mno, nao huinuliwa. Mwanya wa chini ukiwa mpana, mkia hushushwa. Pembetatu zinazofanana, ambazo wanafunzi huzichora ubaoni, hufanya kazi hapa chini ya gari.

Ikiwa mianya yote ni sawa na bado giaboksi haisogei, huenda meno ya shafti yamekutana na meno ya kitovu kichwa kwa kichwa. Gia ya nne huingizwa, na shafti ya nyuma huzungushwa kwa mkono taratibu huku giaboksi ikisukumwa. Meno yakipata mianya yake, kasha huteleza mpaka nyuso zikagusana. Ni mwiko kulivuta kasha kwa nguvu ya bolti. Alumini haivumilii kupindwa kama chuma. Sikio la bolti huvunjika, au pleti huharibika. Bolti hutiwa baada ya nyuso kukutana, na kazi yake ni kushika, si kuvuta.

Baadaye boriti na mpira wa kuegemea hurudishwa, propela hufungwa kwa kufuata mistari iliyopigwa, na klachi hurekebishwa ili pedali iwe na mchezo mdogo kabla ya kuanza kusukuma. Pedali isiyo na mchezo kabisa huifanya beringi ya klachi izunguke wakati wote, na klachi isibane kwa nguvu zake zote.

Oili, spidomita na majaribio

Oili hujazwa gari likiwa limelala sawa, mpaka ianze kuchuruzika katika tundu la kujazia. Aina yake ina maana kubwa. Oili ya daraja la GL-5 imetiwa kemikali nyingi za salfa na fosforasi kwa ajili ya meno ya difu yanayosuguana kwa ukali, na baadhi ya kemikali hizo hula shaba nyekundu na shaba ya manjano. Pete za sinkronaiza ni za jamii hiyo. Kwa giaboksi nyingi za zamani oili inayofaa ni ya daraja la GL-4, isipokuwa mtengenezaji awe ameagiza vingine.

Spidomita huendeshwa na kigurudumu kidogo kilichomo katika mkia wa giaboksi. Giaboksi ya badala ikiwa na kigurudumu cha meno 20 mahali pa kile cha meno 18, waya utazunguka kwa asilimia 90 tu ya ilivyopaswa, na dereva akisoma 54 atakuwa anakwenda kilomita 60 kwa saa. Ni rahisi kukihamisha kigurudumu cha zamani kuliko kuishi na uongo huo.

Jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama: klachi hukanyagwa na kila gia huingizwa. Masikio ni chombo cha kupimia. Mlio unaosikika gari likiwa huru na kutoweka klachi ikikanyagwa hutoka ndani ya giaboksi, aghalabu kwenye beringi ya shafti ya mbele. Mlio unaoanza klachi ikikanyagwa hutoka kwenye beringi ya klachi. Jaribio la pili ni la barabara ya tambarare. La tatu ni la mteremko mfupi, mpana, usio na watu, breki zikiwa zimekwisha kuhakikishwa: gari hushuka katika gia ya pili, mguu ukiwa nje ya petroli, kisha petroli hukanyagwa kidogo na kuachwa mara kadhaa. Gia isiyoruka hapo ndiyo itakayostahili kuteremka kutoka Marangu ikiwa na abiria. Baada ya siku chache bolti zote hukaguliwa tena, na chini ya gari hutazamwa kama kuna matone ya oili.

Ujuzi wa chuma si mgeni katika nchi hii. Muda mrefu kabla ya reli kufika Moshi, wahunzi wa Ugweno katika Upare ya Kaskazini waliyeyusha chuma, na wahunzi wa Mamba mlimani walifua mikuki na majembe. Walijua kwa jicho rangi ya chuma kilicho tayari kupigwa. Fundi wa leo anayepima mwanya kwa vidole vyake ni mrithi wao, na kalamu ya mwanafunzi yaweza kumpa sababu ya yale ambayo mikono yake imekwisha kuyajua.

Mambo ya kufanya shuleni

1. Geuza baiskeli juu chini. Hesabu meno ya gurudumu la mbele na la nyuma la mnyororo, kisha kadiria uwiano. Zungusha pedali mara 10 na uhesabu mizunguko ya tairi. Je, jibu linalingana na la hesabu ya meno?

2. Rudia hesabu ya mlima kwa barabara inayopanda mita 1 kwa kila mita 10. Ni gia ipi kubwa kuliko zote inayoweza kulipandisha gari lile lile katika kimo kile kile?

3. Gari lina abiria wawili tu, na jumla yake ni kilo 1,050. Je, nishati inayotoka likishuka mita 900 ni kiasi gani, nayo ingepasha lita ngapi za maji kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 95, ikiwa kilo 1 ya maji huhitaji jouli 4,200 kwa kila nyuzi 1?

4. Kwa kutumia ubao, uzi, jiwe na kipimapembe, tengeneza chombo cha kupimia mwinamo. Pima barabara inayopita karibu na shule yako mahali patano, kisha muulize dereva ni gia ipi anayotumia katika kila mahali. Chora jedwali la majibu yake kando ya vipimo vyako.